UZI: Kinasa sauti juu ya mparachichi, na ombi la masikio ya kuthibitisha ndege wa Nairobi

#1 Mwalimu wa Jamhuri

Ndugu wanajukwaa, tangu mwanzo wa mwezi wa tatu nimekuwa na kinasa sauti kidogo kilichofungwa kwenye tawi la mparachichi nyuma ya nyumba yetu mtaani Jamhuri, upande ule ambao mtu akipanda kwenye tangi la maji anaiona miti ya Msitu wa Ngong Road. Nia yangu ilikuwa kujua ni ndege gani wanaotumia ua wetu na ukingo wa msitu ule wakati hakuna mtu anayewatazama, hasa usiku na alfajiri. Naanzisha uzi huu kwa sababu mashine imenipa majibu mengi kuliko ninavyothubutu kuyaamini, na sasa nahitaji watu wenye masikio.

Nieleze kwanza kazi yenyewe inavyofanyika, kwa faida ya wasiowahi kuiona. Kifaa ninachotumia kinaitwa AudioMoth, na kilibuniwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford nchini Uingereza waliotaka kinasa sauti cha bei nafuu, kwa kuwa vile vya kitaalamu vilikuwa ghali kiasi cha kumzuia mtafiti wa kawaida kuweka hata viwili msituni. Ni kibao cha elektroniki kinachoenea kiganjani, chenye maikrofoni moja, nafasi ya kadi ya kumbukumbu na betri tatu za kawaida. Hakina skrini. Unakiunganisha na kompyuta mara moja, unakipangia saa za kuamka na za kulala, kisha unakifunga mtini na kukiacha.

Jambo la kuamua mapema ni kiasi cha sauti utakachorekodi. Mimi nimekiwekea sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani kinaipima sauti mara 48,000 kila sekunde, kiwango kinachonasa sauti za hadi kilohezi 24 (mitetemo 24,000 kwa sekunde), na kwa kuwa ndege wengi huimba kati ya kilohezi 1 na 8, hakuna wimbo wa maana unaopotea hapo. Hata hivyo, kwa kiwango hicho saa moja ya sauti isiyobanwa hula takriban megabaiti 346, na siku nzima hupita gigabaiti 8. Nilichagua kurekodi dakika moja katika kila dakika kumi. Hizo ni dakika 144 kwa siku, zisizofika megabaiti 830, na kadi ya gigabaiti 64 huchukua zaidi ya miezi miwili kujaa.

Makosa yangu mawili ya mwanzo nayasimulia hapa ili mwingine asiyarudie. La kwanza lilihusu saa. Kifaa changu kilikuwa kikiandika majina ya mafaili kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Nairobi kwa saa tatu. Faili la jua kukaribia kuchomoza, yaani la saa kumi na mbili asubuhi, likawa limeandikwa 03:00. Binti yangu, aliyejitolea kuyapanga mafaili, alilisoma kama saa tatu asubuhi kwa sababu nyumbani tunahesabu saa kwa Kiswahili, nami nikalisoma kama saa tisa usiku kwa sababu ndivyo simu yangu inavyoandika. Kwa wiki nzima tulikuwa na kwaya moja ya alfajiri iliyoimbwa nyakati tatu tofauti.

La pili lilikuwa kistari kimoja. Programu ya kutambua ndege huuliza mahali ulipo ili isikupe ndege wa nchi nyingine. Nairobi iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake huandikwa kwa alama ya kutoa: −1.29. Mimi niliandika 1.29 bila alama, na programu ikanihamishia Samburu, si mbali na Maralal. Nilipoanza kupewa hondohondo wa nyika kavu asubuhi ya mvua kubwa ya Nairobi, mke wangu ndiye aliyeniuliza kama nimeisoma ramani vizuri.

Programu hiyo ni BirdNET, iliyotengenezwa na Maabara ya Ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chemnitz, Ujerumani, na toleo ninalotumia linatambua zaidi ya spishi 6,000. Huikata sauti katika vipande vya sekunde tatu tatu, hugeuza kila kipande kuwa picha inayoonyesha masafa ya sauti yakipanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda, yaani spektrogramu, kisha hulinganisha picha hiyo na maelfu iliyofunzwa nayo. Mwishoni huandika jina la spishi na alama ya uhakika kati ya 0 na 1.

Kipande kinachonisumbua zaidi, nilichokipa namba 9, kilirekodiwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri, kukiwa bado na giza. Mashine inasema ni kekeo kifua-chekundu (*Cuculus solitarius*), yule wa noti tatu zinazoshuka ambaye husikika sana wakati wa mvua, na imempa alama 0.91. Shida ni kwamba ndani ya dakika hiyohiyo imetaja spishi nyingine nne, zote kwa alama za juu. Ama ua wangu ulikuwa na baraza la ndege gizani, ama mashine imedanganywa. Nimepandisha vipande 40 kwenye kiungo cha jukwaa. Tafadhali visikilizeni kabla ya kusoma majibu yake.

#2 Mzee wa Darubini

Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni miongoni mwa watu wa matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa chini ya shirika la Nature Kenya, na nimetembea nayo miaka mingi kiasi kwamba magoti yangu ndiyo yanayohesabu sasa. Sina chuki na mashine. Ila nimeona watu wakija na majedwali ya rangi, wakituambia kwamba mahali fulani kuna njiwa elfu kadhaa kwa sababu kompyuta imesikia milio elfu kadhaa ya njiwa. Njiwa mmoja aliyetulia kwenye waya wa stima anaweza kulia asubuhi nzima bila kuchoka. Huo ni mdomo mmoja.

Mimi nikimsikia dudumizi akimimina sauti yake kama maji yanayotoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, najua yuko upande gani, najua yuko chini kichakani wala si kileleni, na najua kama mwenzake amemjibu kutoka ng'ambo ya kijito. Wazee waliomwita dudumizi, na wengine tipitipi, walikuwa wamekwisha kumnasa sauti, wakaihifadhi katika jina. Kifaa chako kina maikrofoni moja, na kwake sauti ya kushoto na ya kulia ni mamoja.

Nikuulize swali moja la kweli. Mwituni humo kuna tiva, yule mweusi kwa juu na mweupe kwa chini. Dume na jike huimbizana kwa namna ambayo mgeni huapa kuwa ni ndege mmoja: mmoja hupiga kama kengele ndogo, na mwenzake hudakia kabla mwangwi haujafa. Je, mashine yako huwaandika wangapi?

Vipande vyako nitavisikiliza Jumapili kwa spika za kijana wangu, maana simu hii yangu inazimeza sauti za juu.

#3 Mwanafunzi wa Kompyuta

Shikamoo Mzee, na hujambo Mwalimu. Swali la tiva lina jibu fupi: mashine huandika "tiva yupo katika sekunde hizi tatu". Haihesabu midomo, na anayeigeuza idadi ya milio kuwa idadi ya ndege amekosea yeye, si programu. Kinachoweza kutetewa ni kuuliza kama spishi fulani ilisikika au haikusikika katika siku fulani, kisha kufuatilia jibu hilo kwa wiki nyingi na mahali pengi. Ukiwa na vinasa kumi vinavyofanya kazi kwa ratiba moja, unaweza kulinganisha ukingo wa msitu na katikati yake, au mwaka huu na mwaka ujao, bila kudai kwamba umehesabu kichwa hata kimoja.

Kuhusu alama za uhakika, Mwalimu, naomba usizisome kama asilimia. Alama 0.91 haimaanishi kwamba katika vipande mia moja mashine itapatia tisini na kimoja. Zaidi ya hayo, alama 0.5 kwa ndege mwenye wimbo wa kipekee inaweza kuwa ya kuaminika kuliko 0.9 kwa ndege anayefanana na wengine watano. Njia tunayofundishwa ni hii: kwa kila spishi, chukua vipande kwa bahati nasibu kutoka alama za chini hadi za juu, msikilizaji anayejua avisikie bila kuona alama, kisha utazame ni kuanzia alama ipi ambapo mashine inapatia karibu kila mara. Hicho ndicho kizingiti cha spishi hiyo, katika eneo hilo, kwa kifaa hicho. Ukihamia Msitu wa Karura, unaanza tena.

Sababu ya kazi hii kuwa nzito zaidi kwetu inajulikana. Mashine hizi hufunzwa kwa rekodi ambazo watu wamezikusanya, na hazina kubwa kama Xeno-canto, iliyoanzishwa mwaka 2005 nchini Uholanzi na iliyo wazi kwa yeyote, zina rekodi nyingi mno za ndege wa Ulaya na chache za ndege wetu. Ndege mwenye rekodi mia kadhaa kutoka nchi kumi hujulikana hata akikohoa. Ndege wa milima yetu mwenye rekodi chache, zote za mtu mmoja katika asubuhi moja, hujulikana pale tu anapoimba kama alivyoimba asubuhi ile.

Hata hivyo hatuanzi na mikono mitupu. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, Ciira wa Maina na wenzake walirekodi sauti za hifadhi ya chuo kwa kutumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi na kuzitoa wazi kwa watafiti wengine, na ndege mmoja waliyemshughulikia ni shorobo wa Hartlaub, ambaye wakazi wa Karen na Karura wanamfahamu kwa mabawa mekundu na sauti ya mkwaruzo. Mwaka 2023 shindano la kimataifa la BirdCLEF liliwataka washiriki watambue spishi 264 za Afrika Mashariki katika rekodi za hapahapa Kenya. Mimi nilishiriki, nikashindwa vizuri sana, na nikajifunza mengi.

#4 Mama Kayole

Nimesoma uzi huu kwa furaha na kwa wivu kidogo. Mwalimu ana mparachichi na msitu. Sisi huku Kayole tuna mabati, nguo zilizoanikwa, jenereta ya kinyozi, spika za makanisa mawili yasiyokubaliana, na matatu zinazopiga honi kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Nauliza kwa unyenyekevu: je, teknolojia hii ni ya watu wanaoishi kando ya miti, au na sisi tunaweza kusikilizwa? Nasikia kunguru, nasikia shomoro, na wakati wa mvua kuna ndege fulani karibu na mto anayeimba usiku ambaye watoto wangu wanasema ni chura.

Pili, wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni, marabu, wanaokaa juu ya miti karibu na Uwanja wa Nyayo na kutembea dampo la Dandora kama wakaguzi wa serikali. Je, kinasa sauti kinaweza kuwahesabu?

#5 Mwalimu wa Jamhuri

Mama Kayole, asante sana. Nianze na marabu kwa kuwa jibu lake ni jepesi: haiwezekani. Marabu ni mkimya, na sauti yake kubwa ni ya kugonganisha mdomo akiwa kwenye kiota. Ukikitegemea kinasa sauti peke yake, utaandika kwamba Dandora haina marabu hata mmoja, na mtu aliye pale atakucheka. Tai na ndege wengi wa kuwinda wako katika kundi hilo pia, kwa hiyo orodha inayotokana na sauti inapaswa kusema waziwazi kwamba ni orodha ya wanaoimba.

Kuhusu makelele, ningesema kinyume cha ulivyotarajia. Kayole ndiko kunakohitaji kusikilizwa zaidi. Ngurumo za magari na jenereta hukaa chini, nyingi zikiwa chini ya kilohezi 2, na ndege anayeimba juu ya hapo bado hupenya. Anayepotea ni yule mwenye sauti nzito, kama njiwa au dudumizi. Katika mji wa Leiden, Uholanzi, watafiti Hans Slabbekoorn na Margriet Peet walionyesha mwaka 2003 kwamba ndege wadogo wa spishi *Parus major* walioishi penye kelele nyingi walikuwa na noti za chini zilizopanda juu kuliko za wenzao wa mitaa iliyotulia. Sijui mtu aulize nini kingine kuhusu mji wetu kabla ya kuuliza hilo.

Kuna jambo linaloniuma kila nikilifikiria. Mwaka 2020, watu wa San Francisco walipofungiwa nyumbani kwa sababu ya korona, watafiti walirekodi nyimbo za shomoro wenye taji jeupe na kuzilinganisha na rekodi za mahali palepale za miaka iliyotangulia. Wakagundua kwamba ndege walipunguza nguvu ya sauti na kushuka katika noti za chini ambazo kelele ilikuwa imewanyang'anya, na hata hivyo nyimbo zao zikasikika mbali zaidi. Sisi pia tulikuwa na kafyu kuanzia tarehe 27 Machi mwaka huo, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na mnakumbuka jinsi barabara za Nairobi zilivyonyamaza. Ningetoa kitu kikubwa kupata dakika kumi tu za alfajiri moja ya wakati ule kutoka ukingo wa Msitu wa Ngong Road, ambao barabara ya Southern Bypass imeupasua, pamoja na dakika kumi za mwaka mmoja kabla yake. Labda zipo kwenye simu ya mtu. Sijazipata.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba tusubiri mashine iwe kamilifu ndipo turekodi. Majibu ya mashine yanaweza kusahihishwa mwaka ujao kwa programu bora zaidi, au na Mzee hapo juu kwa spika za kijana wake. Alfajiri ambayo haikurekodiwa haina wa kuisahihisha.

Kwa vitendo, Mama, anza na simu. Ile programu ya Merlin ya Cornell hutambua sauti na haihitaji kifaa kingine, ila usiichukulie kuwa hakimu. Iweke simu dirishani, mbali na mabati, kwa maana tone la mvua likigonga bati hufuta kila kitu. Na yule mwimbaji wa usiku mrekodi, hata kama atakuja kuwa chura.

#6 Wakili wa Mtaani

Samahani kuingilia, nina jambo la kisheria. Kinasa sauti kinachorekodi dakika 144 kwa siku katika mtaa wa makazi hakirekodi ndege peke yao. Kinarekodi majirani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu taarifa za mtu anayeweza kutambulika, na sauti ya mtu anayegombana na mkewe huku akitajwa jina ni taarifa ya namna hiyo. Je, Mwalimu umewaambia majirani? Je, unapopandisha vipande mtandaoni unavisikiliza kwanza vyote?

La pili, kwa wanaotaka kuweka vifaa msituni: ua wako ni wako, lakini Karura na Ngong Road ni misitu ya umma chini ya Huduma ya Misitu, na Mbuga ya Nairobi iko chini ya Huduma ya Wanyamapori. Utafiti humo huombewa vibali, pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti. Mlinzi akikuta kisanduku chenye betri kimefungwa mtini bila maelezo, hatafikiria ndege.

#7 Mwalimu wa Jamhuri

Wakili, umenigusa penyewe. Jirani wa upande wa kulia nilimwambia, wa kushoto nilimsahau, na ni kweli kwamba katika wiki ya pili nilimsikia akimwambia mtu kwa simu mambo ya kodi ya nyumba ambayo hayakunihusu. Nilizima spika, nikaenda kumwomba radhi siku hiyohiyo. Sasa kifaa kimeandikwa kwa kalamu ya wino, "Kinarekodi sauti za ndege", pamoja na namba yangu. BirdNET hutambua pia sauti za watu, kwa hiyo kila dakika inayowekewa alama hiyo naifuta kabla sijafungua hata moja. Vipande 40 nilivyopandisha nimevisikia vyote. Sauti pekee za binadamu zilizobaki humo ni za adhana ya mbali, ambayo ilitangazwa kwa kila mwenye masikio.

Wala sipendekezi mtu yeyote aingie msituni kabla ya kibali. Nimeandika barua ya kuomba nafasi tano kando ya njia zinazotembelewa, na nasubiri.

Mwanafunzi, nimeanza kufuata njia yako ya kizingiti. Kwa hadada kazi imeisha kwa jioni moja, kwa kuwa yule akipita juu ya nyumba hakuna anayehitaji mashine. Kwa ndege wadogo wa kijani wa majanini nimekwama kabisa.

#8 Mwanafunzi wa Kompyuta

Wale wa kijani wa majanini huwakwamisha hata waliobobea, Mwalimu, usijilaumu.

Ombi moja kwa wote: msiwapigie ndege rekodi zao ili watoke muwaone au waimbe mrekodi zaidi. Ndege hudhani mpinzani ameingia eneo lake, huacha kulisha makinda, na huja kupigana na spika. Mtu mmoja kufanya hivyo mara moja ni jambo dogo. Kundi zima kila Jumamosi katika kichaka kilekile ni mateso.

#9 Mzee wa Darubini

Nimevisikiliza vyote 40, baadhi mara nne, na mke wangu amekwisha kuniuliza kama nimehamia kwenye spika.

Vipande thelathini na kimoja mashine imepatia, nakubali, na vitatu kati ya hivyo mimi mwenyewe nisingevitambua bila kurudia, kwa hiyo nafuta maneno yangu makali kiasi hicho. Kipande cha 22, inachosema ni bundi, ni popo wa matunda. Sikiliza jinsi mlio unavyorudiwa kwa mwendo wa saa ya ukutani bila kupumzika. Kipande cha 30 si ndege wala mnyama. Ni king'ora cha gari lililoguswa na paka.

Sasa namba 9. Ulituma sekunde tatu, nami nilikwenda kwenye faili la dakika nzima ulilolipandisha kando yake, na hapo ndipo jibu lilipo. Katika zile sekunde tatu peke yake, hata mimi ningeandika kekeo kifua-chekundu. Noti ni tatu, zinashuka, hakuna kasoro. Lakini usiishie hapo. Mara tu baada ya noti ya tatu, bila hata nafasi ya ndege mwingine kufungua mdomo, inafuata filimbi ya tiva, nusu tu, bila jibu la jike. Kisha mlio wa mwewe mdogo. Kisha mluzi mmoja ambao, samahani Mwalimu, nadhani ni wako, ule unaomwitia mbwa. Kisha kekeo tena. Vyote vina nguvu ileile ya sauti, kana kwamba vimetoka tawi moja, na vyote ni vyepesi kidogo kuliko wenyewe. Kekeo wa kweli hupaza sauti ili asikike bonde zima.

Huyo ni kurumbiza wa Rüppell (*Cossypha semirufa*), ndege wa tumbo la rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho, anayejulikana katika bustani za Nairobi kwa kuiga kila anachokisikia. Huanza kabla ya mwanga na huzoea sehemu moja. Mashine yako imetambua sawasawa kila wimbo uliopigwa. Haikumtambua mpigaji, kwa sababu ilipewa sekunde tatu, na kurumbiza hujulikana kwa mfuatano wa dakika nzima.

Nina shaka na vipande vya 14 na 33 kwa sababu hiyohiyo. Nitumie dakika zake kamili.

#10 Mwalimu wa Jamhuri

Mzee wangu, nimelirudia faili mara tatu, na mara ya tatu nilimwita binti yangu bila kumwambia chochote. Alisikia mluzi, akageuka kumtafuta mbwa.

Nimebadilisha jedwali. Sasa lina safu mbili badala ya moja: wimbo uliosikika, na mwimbaji aliyethibitishwa. Kekeo kifua-chekundu nimemwondoa katika siku sita kati ya tisa alizokuwa ameandikwa, na zile tatu zilizobaki ni za mchana, kutoka mbali, noti tatu zikirudiwa peke yake bila wimbo mwingine kando. Aidha nimeongeza kanuni kwamba spishi yoyote inayotajwa kabla ya saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, ikiwa dakika hiyohiyo ina spishi nyingine tatu au zaidi, isihesabiwe hadi mtu asikilize dakika nzima. Mwanafunzi, tafadhali niambie kama kanuni hiyo inaweza kuandikwa ndani ya programu, kwa kuwa kwa sasa naifanya kwa kalamu.

Dakika kamili za 14 na 33 ziko kwenye kiungo. Betri nimezibadilisha jana, na nimekisogeza kifaa matawi mawili juu kwa sababu siafu walikuwa wameanza kukizoea. Mama Kayole, rekodi yako ya dirishani imefika: ni chura, watoto wako walisema kweli, lakini katika sekunde ya arobaini kuna mlio wa pili nyuma yake ambao mashine haikuutaja kabisa, na ningependa Mzee ausikie kabla ya matembezi ya Jumatano.

#11 Mzee wa Darubini

Nimeusikia. Mama Kayole, ni mita ngapi kutoka dirishani hadi mtoni, na je, kuna mafunjo?